Barua ya Wazi kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii: Ruzuku ya Watu Wenye Ulemavu Mkubwa Inapunguzwa Bila Kutangazwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii, Nairobi.

Nakala kwa Hazina ya Kitaifa, kwa Kamati ya Bajeti na Matumizi ya Bunge la Taifa, na kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima inayostahili ofisi hiyo, barua hii inaletwa kutoka Ahero, mji wa mpunga ulio katika njia panda ya barabara za Kericho na Kisii, takribani kilomita 25 kutoka Kisumu, na inaletwa hadharani kwa sababu jambo inalolizungumzia limekwisha kuwa wasiwasi wa umma, wala haliwezi tena kumalizwa na malalamiko yanayopelekwa kwa chifu na kuishia ndani ya faili. Jambo lenyewe ni ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa, yaani shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huzilipa kaya yenye mtu asiyeweza kujihudumia na ambaye lazima awe na mlezi usiku na mchana. Ruzuku hiyo ilianzishwa mwaka 2011, na leo ni sehemu ya mpango wa Inua Jamii, ambao pia unawalipa wazee waliotimiza miaka 70 na kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini.

Tangu Juni 2024, serikali ilipouondoa Mswada wa Fedha baada ya maandamano ya nchi nzima, na tangu Agosti mwaka huo, Rais alipotia saini bajeti ya ziada iliyokata matumizi kwa zaidi ya shilingi bilioni 140, kila taarifa ya makato inayosomwa redioni husikilizwa katika nyumba za watu wenye ulemavu kwa hofu ya aina yake, kwa maana watu hawa hawana chama cha wafanyakazi cha kugoma kwa niaba yao, na wengi wao hawawezi hata kutoka nje ya ua bila kubebwa. Hoja ya barua hii ni kwamba hofu hiyo ina msingi, ingawa hakuna tangazo rasmi lililosema kwamba ruzuku imekatwa. Fedha ambazo kiwango chake kimeachwa bila kuongezwa kwa zaidi ya muongo mmoja, ambazo huja kwa kuchelewa bila maelezo, na ambazo mtu anaweza kuzipoteza bila kuandikiwa sababu, zimekwisha kupunguzwa, na tofauti iliyopo kati ya punguzo hilo na lile la kutangazwa ni kwamba hili la kimya halina anayelijibia. Pointi zinazofuata zinaeleza jinsi hali hiyo inavyoonekana kutoka hapa kwetu uwanda wa Kano, na kile ambacho Wizara inaombwa kufanya.

1. Kiwango cha shilingi 2,000 hakijaongezwa tangu 2011, ilhali katika kipindi hicho bei za vitu nchini zimepanda zaidi ya maradufu, na kwa hiyo noti zile zile mbili za elfu moja hununua leo chini ya nusu ya kile zilichonunua mpango ulipoanza. Zikigawanywa kwa siku 30, ni shilingi 66 na senti kidogo kwa siku, na fedha hizo zinategemewa na watu wawili, kwa sababu sharti la kuingia katika mpango ni kwamba mwenye ulemavu ahitaji mtu wa kumhudumia wakati wote, na mtu huyo, ambaye katika vijiji vya Ahero mara nyingi ni mama au nyanya, hawezi kwa sharti hilo hilo kwenda kutafuta kibarua. Mashamba ya mpunga ya Ahero, ambayo Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji iliyafungua mwishoni mwa miaka ya 1960, bado ni mwajiri mkubwa wa wanawake wasio na ardhi ya kutosha: wanapandikiza miche, wanapalilia, wanawinga ndege masuke yanapoanza kukomaa, wanaanika na kupepeta. Kazi zote hizo hufanywa kuanzia alfajiri na zinataka mtu ashinde shambani, na mlezi wa mtu aliyepooza hana saa hizo. Serikali inapoandika katika masharti yake kwamba huduma inayohitajika ni ya saa 24, imekubali yenyewe kwamba kaya hiyo imepoteza mshahara wa mtu mzima mmoja, na kwa hiyo ruzuku hii haipaswi kuhesabiwa kama nyongeza juu ya kipato kingine ambacho hakipo.

Inafaa Wizara itazame kwa karibu fedha hizi zinakwenda wapi. Kijana wa miaka 20 aliyepooza mwili, asiyeweza kujizuia haja, anahitaji nepi za watu wazima, na pakiti zinazomtosha mwezi mzima, hata zikitumiwa kwa kubana, zinaweza kumaliza ruzuku yote kabla ya unga kununuliwa. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi hutumia matambara, na matambara hutaka sabuni na maji kila siku, na maji hununuliwa kwa mtungi pale ambapo bomba halijafika. Kijana huyo hawezi kukaa juu ya bodaboda. Akitakiwa kupelekwa kliniki, ama gari likodiwe, ama mlezi alipie viti viwili vya matatu na amwombe utingo avumilie muda wa kumpakia na kumshusha. Kiti cha magurudumu, kwa aliyebahatika kukipata, hutembea vizuri juu ya lami ya sokoni, lakini udongo mweusi wa Kano ukilowa hushika magurudumu mpaka watu wawili wakinyanyue kiti pamoja na aliyekikalia. Hizi ndizo gharama ambazo wataalamu huziita gharama za ziada za ulemavu, yaani fedha ambazo mtu hulazimika kutumia ili afikie tu mahali ambapo asiye na ulemavu huanzia, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazitaja katika kifungu cha 28 kama jambo ambalo dola inawajibika kulisaidia kwa watu wanaoishi katika umaskini. Kiwango cha sasa hakigusi gharama hizo, kwa maana hata kwa chakula hakitoshi.

2. Malipo huchelewa, na kuchelewa kwenyewe ni hasara inayopimika. Kwa muda mrefu fedha hizi zililipwa kwa mzunguko wa miezi miwili, yaani shilingi 4,000 kwa mkupuo, lakini mzunguko huo ulivunjika mara nyingi, hata mwaka 2023 serikali yenyewe ikawa inatangaza kulipa malimbikizo ya miezi iliyopita. Afisa wa bajeti anaweza kuona kwamba fedha zilizochelewa si fedha zilizopotea, kwa kuwa hatimaye zitalipwa zote, lakini hesabu hiyo haifanyi kazi katika nyumba isiyo na akiba. Mlezi hukopa dukani, jina lake likaandikwa katika daftari la madeni, na mwezi wa pili au wa tatu ukipita bila malipo mwenye duka, ambaye naye ana mtaji mdogo, hufunga daftari. Baada ya hapo hubaki mikopo ya simu, na hapo pana utaratibu ambao Wizara inapaswa kuujua: mkopo wa Fuliza, ambao humruhusu mteja wa M-Pesa kutumia zaidi ya salio lake, hujilipa wenyewe pamoja na ada zake pindi fedha yoyote inapoingia katika simu, kwa hiyo ruzuku iliyochelewa ikitumwa katika simu ya mlezi aliyekopa hukatwa kabla hajaiona. Serikali inapochelewa, basi, mwenye ulemavu ndiye anayelipa riba ya ucheleweshaji wa serikali.

Kuna hasara nyingine isiyolipika. Mtu mwenye kifafa anayetumia dawa kila siku, akizikatiza ghafla kwa kukosa fedha za kuzinunua au nauli ya kuzifuata, yumo katika hatari ya kupata degedege mfululizo lisilokoma, hali inayoweza kuua au kuongeza ulemavu juu ya ule uliokuwapo. Katika nyanda hizi za ziwa, ambako malaria ya ubongo imewaachia watoto wengi kifafa na udhaifu wa viungo, na ambako ugonjwa wa selimundu umeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, ratiba ya malipo ni sehemu ya matibabu, na inapovunjwa bila onyo maisha ya watu huwekwa rehani.

3. Jibu linalotarajiwa ni kwamba fedha hazipo, na jibu hilo linastahili kupimwa kwa uzito kwa sababu mzigo wa taifa ni wa kweli: katika makadirio ya mwaka wa fedha wa 2025/26, riba ya madeni pekee imepita shilingi trilioni 1. Hata hivyo Katiba ya 2010 haikuiachia serikali nafasi ya kutoa jibu hilo kwa mdomo tu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka dola iwape hifadhi hiyo watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Na kifungu cha 20 kinasema kwamba dola ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za namna hiyo, ni juu ya dola yenyewe kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mzigo wa kuthibitisha uko Nairobi, na si kwa mama wa maeneo ya Kobura au Kabonyo hapa Nyando anayetakiwa kueleza kwa nini anastahili kusaidiwa. Kifungu cha 201 kinaongeza kwamba matumizi ya fedha za umma yazingatie maendeleo ya haki, pamoja na kutenga fungu maalumu kwa makundi yaliyosukumwa pembeni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwishoni mwa miaka ya 2010 mpango huu ulikuwa na kaya takribani 47,000 nchi nzima, wastani wa kaya 160 hivi kwa kila moja ya maeneobunge 290, ilhali sensa ya 2019 iliwahesabu watu 916,692 wenye ulemavu miongoni mwa waliotimiza miaka mitano na zaidi. Ni kweli kwamba si wote hao wana ulemavu mkubwa, lakini pengo la ishirini kwa mmoja haliwezi kuelezwa na ukali wa ulemavu peke yake. Kaya hizo 47,000, kwa shilingi 24,000 kila moja kwa mwaka, zinahitaji shilingi bilioni 1.13. Serikali ikiamua leo kuizidisha idadi hiyo mara mbili na pia kukiongeza kiwango maradufu hadi shilingi 4,000, jumla itakuwa takribani bilioni 4.5, na katika bajeti ya taifa inayozidi trilioni 4 hiyo ni shilingi moja na senti kidogo katika kila shilingi elfu. Hazina ya Kitaifa inayo haki ya kusema kwamba hata hiyo haipatikani, ila iseme hivyo kwa maandishi, mbele ya Bunge, ikionyesha ni matumizi gani yaliyopewa kipaumbele juu ya watu hawa.

Linafaa hapa kukumbukwa lililotokea Uingereza mwaka 2025. Mwezi Machi serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa kuyabana masharti ya malipo ya watu wenye ulemavu. Waathiriwa na mashirika yao walipinga hadharani, wabunge wa chama tawala chenyewe wakaasi kwa makumi, na tarehe 1 Julai, siku ya kura, serikali ikaiondoa sehemu hiyo ya mswada. Nchi hiyo ni tajiri kuliko Kenya mara nyingi, na malipo yake hayawezi kulinganishwa na shilingi 66 kwa siku, lakini kilicho muhimu ni utaratibu: kwa kuwa punguzo lilitangazwa, watu walijua wapinge nini, wampinge nani na lini. Mlezi wa Ahero hana tarehe ya kura wala mswada wa kuusoma. Thamani ya fedha zake huliwa na bei mwaka baada ya mwaka, na hakuna mbunge anayetakiwa kuinua mkono ili jambo hilo lipite.

4. Kuondolewa katika orodha hakufuati haki ya utawala. Uhakiki wa wanufaika, yaani zoezi la kuthibitisha kwamba anayelipwa yu hai na bado anastahili, ni jambo la halali, na hakuna mkazi wa Ahero anayetaka fedha za umma zilipwe kwa marehemu. Lakini uhakiki unaomtaka mtu asiyeweza kuketi afikishwe mahali fulani siku fulani, au unaotegemea alama za vidole za mlezi ambazo zimesuguliwa na miaka ya jembe na sabuni, utawaondoa kwanza wale wenye shida kubwa zaidi, kwa sababu ndio wasioweza kufika. Mlezi akifariki, jambo la kawaida pale ambapo nyanya ndiye mlezi, malipo husimama mpaka mlezi mwingine aandikishwe, na muda huo ndio ambao yatima mwenye ulemavu anahitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote. Mtu mwenye ulemavu wa akili ambaye hakuwahi kupatiwa kitambulisho cha taifa huwa kana kwamba hayupo. Kifungu cha 47 cha Katiba, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015, vinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Taarifa ya mdomo kwamba jina halionekani kwenye mfumo haitimizi sharti hilo, na hakuna mfumo wa kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya afisa anayewajibika kwa uamuzi.

5. Bima ya afya imeongeza mzigo juu ya kaya hizi badala ya kuupunguza. Chini ya bima ya zamani ya NHIF, kuanzia 2014, palikuwa na mpango wa serikali wa kuwalipia bima wazee na watu wenye ulemavu mkubwa waliokuwa wakipokea ruzuku. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, maarufu kama SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mchango wa chini kabisa wa kaya ni shilingi 300 kwa mwezi, na kaya isiyo na ajira rasmi hutakiwa kuutoa kwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600, ambazo ni karibu ruzuku ya miezi miwili. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inasema kwamba serikali itawalipia wasiojiweza. Kaya iliyokwisha kuhakikiwa na Wizara hii hii na kukutwa haijiwezi haipaswi kupimwa tena umaskini wake na ofisi nyingine ya serikali hiyo hiyo.

6. Mto Nyando ulipofurika tena mwezi Aprili na Mei 2024, kama ulivyofurika 2020, kaya zilihamia shuleni na katika sehemu zilizoinuka, na watu wenye ulemavu ndio waliokuwa wa mwisho kuhamishwa na wa kwanza kupoteza vifaa vyao, kwa kuwa kiti cha magurudumu hakielei na godoro lililolowa matope halitumiki tena. Orodha ya wanufaika iliyo mikononi mwa Wizara inaonyesha kila kaya ya namna hiyo ilipo, na ingeweza kutumiwa kupeleka malipo ya dharura kabla maji hayajafika mlangoni.

7. Baadhi ya watunga sera wana dhana, isiyosemwa wazi lakini inayosikika katika namna bajeti zinavyopangwa, kwamba fedha zinazopewa maskini hupotea, ama kwa pombe ama kwa uvivu. Dhana hiyo imepimwa jirani kabisa na hapa. Katika eneo la Rarieda, kaunti ya Siaya, utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro uliochapishwa 2016 haukukuta kwamba kaya zilizopewa fedha ziliongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Zilikula vizuri zaidi na kuongeza mifugo na mali. Utafiti mwingine katika kaunti hiyo hiyo ya Siaya, uliohusu zaidi ya kaya 10,000 na kuchapishwa 2022, ulikuta kwamba kila dola moja iliyogawiwa ilizaa zaidi ya dola mbili za shughuli za kiuchumi katika eneo husika, kwa sababu aliyepokea alinunua kwa jirani, na jirani naye akanunua kwa mwingine. Fedha hizo zilikuwa za shirika la misaada, nyingi na za muda mfupi, wala haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na shilingi 2,000 zinazochelewa. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba ruzuku ikifika Ahero hubaki Ahero, kwa muuza unga, kwa muuza omena, kwa fundi wa kushona na kwa mwenye bodaboda, na kwamba ikikosekana soko zima hulihisi pengo hilo pamoja na mwenye ulemavu.

Kwa haki, lazima isemwe pia kwamba serikali hii imefanya mambo yanayostahili kutambuliwa. Mwaka 2023 ilitangaza nia ya kuandikisha wanufaika wapya 500,000 katika Inua Jamii, na Mei 2025 ilitiwa saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini sheria nzuri isiyotengewa fedha humwongezea mlezi uchungu, kwani humwambia haki yake ni ipi kisha humwacha aone kwamba haiji.

Kutokana na hayo, Wizara inaombwa kwanza kabisa kuitangaza ratiba ya malipo ya mwaka mzima wa fedha, mwezi kwa mwezi, na malipo yakichelewa kwa zaidi ya siku 14, Waziri atoe maelezo bungeni na kwa umma. Ombi hili halihitaji fedha za ziada, na ndilo ambalo lingepunguza wasiwasi haraka kuliko jingine lolote. Hazina ya Kitaifa na Kamati ya Bajeti zinaombwa kuliweka fungu la watu wenye ulemavu mkubwa nje ya mkasi wa bajeti za ziada, na, katika makadirio ambayo sheria inataka yafikishwe bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kukiongeza kiwango hadi shilingi 4,000, ambayo ni kurudisha tu kile ambacho bei zimekula tangu 2011, kisha kukifungamanisha na mfumko wa bei ili kisigande tena. Hili si jambo lisilowezekana katika nchi za Afrika Mashariki: Zanzibar, yenye mapato madogo kuliko Kenya kwa mbali, ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na baadaye ikaziongeza hadi 50,000.

Wizara inaombwa vilevile kuagiza kwamba jina lolote lisiondolewe katika orodha kabla afisa wa maendeleo ya jamii hajafika nyumbani kwa mhusika na kabla mlezi hajapewa barua yenye sababu na maelezo ya mahali pa kukata rufaa. Kwamba kila kaya iandikishe walezi wawili, ili mmoja akifariki au akiugua malipo yasisimame. Kwamba malipo yatenganishwe na mikopo ya simu, kwa makubaliano na kampuni zinazohusika, ili ruzuku isikatwe madeni kabla ya kumfikia mwenyewe. Na kwamba orodha ya wanufaika ikabidhiwe SHA mara moja, ili kaya hizo zote zilipiwe bima bila kupimwa upya. Kuhusu idadi, Wizara inaombwa kuchapisha, kwa kila eneobunge, ni watu wangapi wanalipwa, wangapi wamehakikiwa na wanasubiri, na wangapi wameondolewa na kwa nini, kwa sababu wakazi wa eneobunge letu la Nyando hawawezi kujadiliana na serikali juu ya orodha wasiyoiona.

Majibu yanaombwa kwa maandishi, kabla makadirio ya mwaka ujao wa fedha hayajapelekwa bungeni. Nakala yake ibandikwe katika ofisi ya chifu na katika hospitali ya kaunti hapa Ahero, na isomwe barazani kwa Kiswahili na kwa Dholuo, mkalimani wa lugha ya ishara akiwapo, siku isiyo ya kupandikiza mpunga wala ya soko, na afisa wa Wizara awepo kwa saa za kutosha ili walezi wasioweza kuandika waulize kwa midomo yao na wajibiwe pale pale.

Kwa heshima na taadhima,

Ahero, Kaunti ya Kisumu.